Swali la Kumi na Saba

Kliniki ipo ghorofa ya tatu, Upanga, na lifti imekufa,
kwa hiyo mtihani unaanzia ngazini.
Mapigo yangu nimeyahesabu kabla hayajahesabiwa:
mia na kumi na mbili.
Punguza moto, nikajiambia, kama mtu anayetaka kutua.

Nina miaka sabini na mmoja.
Leseni yangu imelainika kama noti iliyopita mikono mingi,
na mihuri yake inazidi kusogeleana:
hapa miaka miwili, hapa mmoja,
sasa miezi sita,
hatua za mtu anayekaribia ukingo wa paa.

Daktari Nsajigwa ni rika la kitindamimba wangu.
Ananiita baba, kisha ananiziba jicho.
"Soma mstari wa chini."
Nikausoma wote, bila kigugumizi.
Akaninong'oneza namba nyuma ya kisogo:
sikio la kulia likapokea,
la kushoto likaomba lirudiwe.
Mkanda wa presha ukanikaba mkono
kama mjukuu aliyesikia radi.

Halafu fomu. Jina, uzito, dawa unazotumia.
Swali la kumi na saba:
Je, umewahi kupoteza fahamu, hata kwa muda mfupi?
Visanduku viwili, vidogo kuliko punje ya mchele.

Ilikuwa Machi, jikoni kwangu, Chang'ombe.
Mimi na sufuria ya uji,
na sakafu iliyopaa kunifuata
bila idhini ya mnara wowote.
Muda gani? Sijui. Muda wa uji kushika chini.
Stamili aliporudi sokoni akanusa, akauliza.
Nikamsingizia redio.

Firoz Jivraj naye alikuwa na kisanduku chake, cha sukari.
Alikipa hapana miaka mitatu mfululizo.
Asubuhi moja, tukirudi kiwanjani kule nyuma ya Kimbiji,
akaziona njia mbili za kutua.
Akachagua moja.
Ikawa ndiyo.
Alizima injini, akanikabidhi kofia yake,
na hakutamka neno mpaka tulipofika kwenye pantoni.

Ndege yenyewe mnaicheka, najua.
Mabomba ya alumini, mabawa ya turubai,
injini inayolia kama cherehani iliyokasirishwa.
Kabla ya kuruka tunafukuza mbuzi.
Lakini nilipima ardhi miaka thelathini na minne,
nikichuchumaa, jasho likiingia kwenye lenzi,
nikipigilia vigingi kimoja baada ya kingine,
na kule juu tu ndipo nilipoiona kazi yangu imenyooka:
mipaka, mihogo, mabati mapya yakimetameta,
barabara niliyoichora kwa penseli, sasa ina watu.
Nani angetaka kushushwa kutoka hapo
kwa wino wa kalamu ya hospitali?

Nikaishika kalamu. Ilikuwa imefungwa kwa kamba,
kana kwamba wazee tunaiba kalamu.
Hapana ilikuwa karibu zaidi na mkono.

Ila kiti cha pili.
Kiti cha pili kina mkanda mmoja,
na Jumamosi kimeahidiwa Pendaeli,
darasa la sita, kilo thelathini na nane,
ambaye amekwisha kuwaambia wenzake.
Usukani wa upande wake nimeufungua mwenyewe
ili magoti yake yasigonge.

Nikaweka tiki kwenye ndiyo.
Nikaikoleza, isije ikadhaniwa kalamu iliteleza.

Daktari alisoma, akavua miwani.
"Baba, hii nikiiandika…"
"Iandike."
Akanibandika waya tano kifuani
na kamashine ka kulala nako, saa ishirini na nne.
Leseni akaiweka kwenye droo. Hakuifunga kwa ufunguo;
hilo nililiangalia.

Nilipofika mlangoni nikageuka.
"Na ile chati ya herufi," nikamwambia,
"ibadilishe.
Mstari wa chini tumeukariri kiwanja kizima."